Nafasi Kati ya Picha na Kioo

Mteja akiingia kwangu na picha, simuulizi kwanza anataka fremu ya rangi gani. Namuuliza, "Utamtundika wapi?"

Wageni huona kama naingilia mambo ya nyumbani kwao. Mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku kutoka bara aliniambia ukuta ni wake, mimi nimpe fremu tu. Nikampa. Masika yalipopita akarudi na cheti chake kimeota ukungu mweusi pembeni, maana alikigongelea kwenye ukuta ambao upande wake wa pili ni bafu. Sikumcheka mbele yake. Nilimcheka alipoondoka, na jirani yangu mshona nguo akaacha cherehani anisaidie kucheka.

Kibanda changu kiko Kilwa Masoko, hatua chache kutoka sokoni, na huu ni mwaka wa kumi na mbili natengeneza fremu hapo. Watu wengi bado wakifika huangaza macho wakimtafuta fundi. Nawaambia fundi ndiye huyu mliyemkuta, kaeni. Wengine hukaa huku wakitazama mlangoni, wakitumaini mwanamume atatokea. Zamani ilinikera sana. Siku hizi nawaacha wangoje, kazi naendelea nayo, na ikiisha wanaiona.

Kama wewe nawe umeingia kwenye kazi hii, na uko pwani kama mimi, nikuambie kwa nini naulizia ukuta. Upepo wetu una chumvi. Msumari wa kawaida hauchukui muda kuanza kutoa machozi ya kutu, mstari wa kahawia unashuka ukutani na mwenye nyumba anakulaumu wewe. Ukuta wa udongo una unyevu wake, wa tofali una wake, na jua la asubuhi likipiga picha kila siku, bibi harusi anabaki rangi ya uji. Halafu kuna jambo ambalo fundi wa mbali hawezi kulijua. Nyumba nyingi za huku, sebule ndipo kisomo kinaposomewa. Ikiwapo hitima au maulidi, picha za watu zinateremshwa, au zinageuzwa uso ukutani, ili wanaosali wasiwe na sura mbele yao. Wageni wakishaondoka, zinarudishwa.

Kwa hiyo picha ya huku haitundikwi mara moja ikatulia. Inapanda na kushuka mwaka mzima, tena mikononi mwa watu wenye haraka, huku pilau liko jikoni na mashehe wamekwisha kukaa. Fremu ya huku lazima iwe na moyo. Pembe zote nne nazipaka gundi kwanza ndipo nagongelea. Nyuma naweka pete mbili, si moja, na waya naukunja mara mbili. Waliwahi kuja vijana wakataka niwatengenezee fremu ya pande mbili, upande huu marehemu baba yao, upande ule Ayatul Kursi, wawe wanaigeuza tu. Nikawaambia, "Sasa siku za kawaida aya itakuwa imetazama ukuta? Nunueni fremu mbili." Wakaona aibu, wakanunua mbili. Nami nilikuwa nimesema kweli, ingawa nakiri ukweli huo ulinifaa.

Kazi nilifundishwa na baba mdogo, Lindi mjini, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mpole kiasi cha kukera. Mimi hasira zangu ziko karibu, na nadhani ndiyo maana alinichagua mimi badala ya kaka zangu. Alitaka kuona kama fremu zitanishinda. Kioo, alisema, kinakatwa kwa mkono mmoja usiorudi nyuma. Unachovya ncha ya kikatio kwenye mafuta ya taa, unavuta mara moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho, na unasikiliza. Ukisikia mlio mwembamba usiokatika, umekata. Ukirudia mstari uleule mara ya pili, kioo kitavunjika kinapotaka chenyewe. Nilivunja vingi. Hakuwahi kunifokea hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Alinifundisha pia kwamba vipimo vya mteja ni hadithi, upime mwenyewe. Kwamba mbao mbili zinazotazamana zikatwe zikiwa zimelaliana, ili zikikosewa zikosewe sawasawa. Kwamba nyuma ya kila fremu niandike kijiji cha mteja na kuweka alama yangu, maana fundi asiyeweka alama anajiandaa kukana. Alama yangu ni nyota ndogo ya penseli.

Na alinifundisha kuhusu nafasi. Picha isiguse kioo. Unakata vijiti vyembamba kama vya kuchokolea meno, unavificha chini ya ukingo wa fremu, kuzunguka pande zote, kioo kikae mbele na picha ibaki nyuma kidogo. Au unakata dirisha kwenye karatasi nene ya manila, picha inachungulia ndani yake. "Kioo cha huku kinatoa jasho, mwanangu," alisema. "Mwache apumue."

Nilimsikia. Nilipofungua kibanda changu mwenyewe Masoko, nikaliacha neno hilo Lindi. Vijiti vile vinachosha kukata, vinakatika, vinakimbilia chini ya meza. Na wateja walipenda picha iliyokaza, iliyobanwa kwenye kioo mpaka ing'ae kama imelowa. Wakitazama walisema, "Hapo sasa." Nilikuwa mgeni sokoni na nilizihitaji hizo "hapo sasa" kuliko chakula. Nikakaza picha zote za mwaka ule wa kwanza.

Mmoja wa wateja wa mwaka ule alikuwa mama kutoka Kikole. Alikuja na picha moja kwenye bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya fundo la khanga. Ilikuwa picha ya binti yake, amesimama studio mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, gauni la kijani, mkono mmoja umegusa maua ya plastiki. Alikuwa ameipiga siku chache kabla ya Idi. Alifariki akaacha mtoto wa kike ambaye hajaanza kutembea. Picha nyingine hakuwa nayo, na mwenye studio alikwisha kufunga akahama. Nilipouliza atamtundika wapi, yule mama alisema, "Mahali atakapomwona mwanawe." Nikamkazia vizuri kabisa. Alipoichukua alilia, akanishika mikono yote miwili, na kwa miaka mingi baadaye watu wa Kikole walikuwa wakija kwangu wakisema wametumwa na yeye. Sijui kama kuna tangazo linaloshinda hilo. Ukitaka kuishi kwa kazi hii, mtendee wema mteja mmoja wa kijijini, kijiji kizima kitakuja.

Mwaka huu, baada ya masika, alirudi. Nilikuwa nakata kioo nikamsikia akipiga hodi, sauti ileile.

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo na kazi?"

Alikuwa amezeeka. Nyuma yake alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili hivi, mrefu, kimya, amevaa hijabu ya shule. Alinisalimia akakaa nje kwenye benchi bila kuambiwa. Yule mama akafungua fundo la khanga, na fremu yangu ikatoka. Kioo kilikuwa kimepasuka kutoka pembe ya juu. "Alianguka tukimteremsha siku ya kisomo," alisema. "Nataka kioo tu. Kipya. Sisi tumefikia kwa ndugu yetu hapahapa, kesho tunarudi."

Niliigeuza kwenye mwanga. Mabaka yalikuwa yamesambaa kwenye picha, yenye maji maji, kama mtu amebandika mkanda wa plastiki juu ya gauni na juu ya shavu. Anayeifanya kazi hii anayajua mabaka yale. Picha ilikuwa imeganda kwenye kioo. Ukivuta kioo, uso unabaki na kioo, na mkononi unabakiwa na karatasi nyeupe.

Yule mama aliniona ninavyotazama. "Hayo madoa ni ya huyo," akasema, akionyesha nje kwa kidevu. "Alikuwa anambusu. Kila asubuhi kabla ya shule, mdomo kwenye kioo. Mimi sikujua mpaka nilipoona madoa yameanza. Nikamchapa, Mungu anisamehe, nikampandisha mama yake juu kabisa, karibu na boriti, asifike. Ndiyo maana kuteremsha kukawa kazi, tukamwangusha." Akashusha pumzi. "Mwaka wa tatu huu haongei nami sawasawa. Anajibu tu. Nami nikiona madoa yale hasira inarudi. Ni picha moja tu tuliyo nayo."

Nikanyamaza.

Napenda kusema kwamba nilinyamaza kwa kutafuta maneno. Si kweli. Niliwaza kijiji kizima cha Kikole. Niliwaza harusi zao, vyeti vyao vya madrasa, picha za Kaaba wanazoletewa na mahujaji. Niliwaza kwamba yule mama hanilaumu, hajui, na mtoto amekwisha kuchapwa, na fimbo ikishapiga haiwezi kurudishwa. Nikamwambia aniachie mpaka baada ya adhuhuri, wakapumzike, nione la kufanya. Wakaenda. Yule mtoto alitembea nyuma ya bibi yake, hatua tatu nzima.

Kwanza nilifanya linalopaswa kufanywa kwanza, nalo nakuomba ulishike hata ukisahau mengine yote: kabla ya kugusa picha ya pekee, ipigwe picha ilivyo. Nikaipeleka kwa kijana wa studio mtaa wa pili, akaipiga kupitia kioo kilekile kilichopasuka, mara nyingi, akizuia mwanga kwa shuka jeusi. Sasa hata mkono wangu ungekosea, tungebaki na kitu. Nikarudi nikaifungua nyuma. Kijiji kimeandikwa, Kikole. Chini yake nyota yangu ndogo ya penseli, imekaa safi kama niliichora jana. Vijiti, hakuna hata kimoja.

Nilikaa chini. Baba mdogo kama angekuwapo asingefoka. Angeniuliza tu, kwa upole ule wake wa kukera, "Ulimwacha apumue?" Nilijikuta nalia kwa hasira, na mshona nguo akauliza kulikoni, nikamwambia vumbi la mbao.

Waliporudi nilikuwa nimeandaa beseni la maji safi ya baridi. Nikamweleza yule mama ilivyo. Picha za siku hizi zinazotoka kwenye printa zikilowa wino unakimbia, lakini hii ni ya zamani, iliyosafishwa kwa maji ya dawa. Nimeilowesha kijipembe kwa nyuma, rangi haikutoka. Tukiizamisha pamoja na kioo chake na kuwa na subira, huenda ikaachia. Huenda ikaacha na kipande. Nakala yake nimekwisha kuipigisha studio.

"Wewe ndiye fundi," alisema. "Fanya."

"Mama, kabla ya maji nina neno. Na mwite na mjukuu wako aingie, nalo ni lake."

Msichana akaingia, akasimama mlangoni.

"Picha hii haikuharibiwa na busu," nikasema. "Busu linaishia juu ya kioo, unapangusa linatoka. Haya mabaka yako upande wa ndani. Yametokana na mimi. Nilipaswa kuacha nafasi kati ya picha na kioo. Nilifundishwa, na nilijua. Sikuiacha, kwa uvivu na kwa kupenda sifa. Unyevu wa miaka yote umeingia humo ukamgandisha. Hata asingebusiwa na mtu yeyote, angeganda tu. Niwieni radhi."

Nilingoja anitukane, na nilitaka anitukane, maana matusi ningejua la kuyafanyia. Yule mama alipitisha kidole juu ya kioo, juu ya yale mabaka, kama anayetafuta mahali pa ndani na pa nje. Akageukia mlangoni.

"Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Nilikuchapa bure."

Mtoto akatazama chini. Yule mama akainuka kwenye kiti, kwa taabu, magoti yake si mazuri. Akamfuata pale mlangoni, akamshika kichwa kwa mikono miwili juu ya hijabu. "Niwie radhi, mjukuu wangu," akasema. Alisema kama watu wazima wanavyoombana radhi baada ya mfungo, kwa taratibu na kwa heshima. Mabega ya mtoto yakaanza kutikisika. Mimi nikajishughulisha na maji ya beseni ambayo hayakuwa na haja ya kushughulikiwa.

Tuliizamisha. Kwa hili hakuna ujanja, kuna kukaa tu. Usivute, usichokoe na kisu, usiongeze maji ya moto kwa sababu una haraka. Tulikaa watatu kuzunguka beseni kama watu wanaochambua mchele. Mshona nguo alileta chai na maandazi bila kuuliza. Baada ya muda pembe ya chini ikaanza kuinuka yenyewe, ikipepea majini. Kisha maua ya plastiki yakaachia. Kisha pindo la gauni.

Palipobaki palikuwa usoni. Hapo inahitajika kidole kiingie kati ya picha na kioo, polepole, maji yakikitangulia. Vidole vyangu vina makovu ya kioo na ngozi ngumu ya gundi, vingekwaruza. Nikanyoosha mkono, nikaurudisha. Vidole vya yule mama vilikuwa vinatetemeka. Akavitazama, akanitazama, akamgeukia mjukuu.

"Kunja mikono ya gauni," akamwambia. "Mshike mama yako."

Mtoto akatumbukiza mkono. Nilimwelekeza kwa sauti ya chini, hapo, usisukume, acha maji yaende kwanza, na alikuwa na mkono mtulivu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha. Kidole kikapita chini ya kidevu, kikapita shavuni. Sikio moja, la kushoto, halikukubali. Lilibaki kwenye kioo, dogo kama punje ya mtama. Uso mzima ukatoka. Akauinua juu ya viganja viwili, maji yakichuruzika, na tukaona kwamba kumbe binti yule alikuwa na kijishimo shavuni ambacho baka lilikuwa limekificha. Msichana naye anacho. Bibi yake akacheka na kulia kwa pamoja.

Tuliilaza juu ya kitambaa safi, uso juu, kivulini. Asubuhi yake ikiwa imekauka nikaikandamiza kati ya mbao mpaka ikanyooka. Nikakata kioo kipya kwa mkono mmoja usiorudi nyuma. Nikakata vijiti vyembamba, vinne, na kimoja kilipokimbilia chini ya meza nilipiga magoti nikakitafuta. Nyuma niliandika Kikole, nikaweka nyota, na chini ya nyota nikaandika pia kwamba nilikosea mara ya kwanza, ili fundi atakayeifungua siku za mbele asimlaumu mtu mwingine.

Walipokuja kuichukua, basi lilikuwa karibu kuondoka, lakini swali langu siliachi. Nikamuuliza yule mama, "Mtamtundika wapi?"

"Muulize mwenyewe," akasema.

Nikamgeukia msichana. Alifikiri sana, akaitazama fremu mikononi mwangu, akapima kwa kiganja toka kifuani mwake mpaka puani.

"Chini kidogo," akasema. "Hapa ninapofika."

Nikaurefusha waya.